Mkate wa Futari

Mlio wa mfuniko wa birika ulimwamsha Bibi Nulu kula daku. Asubuhi, katika taksi ya abiria ya kutoka Masese kwenda Jinja, alimsikia mama mwenye duka akimfokea Herbert, kijana wa kampuni ya mikate.

"Ramadhani hii gari lenu linaleta mkate asubuhi. Nani ataula? Jioni watu wanautaka, umekauka."

"Programu yetu ya kompyuta ilionyesha hivyo, mama. Mwaka jana mlinunua jioni. Bosi akasema anawajua Waislamu kuliko kompyuta."

"Amewahi kufunga, huyo?"

"Hata Kwaresima hafungi."

Bibi aliona kijana amempakatia mama kapu lake.

"Leo namwonyesha bosi hesabu hizo tena," Herbert alisema.

Taksi ilisimama, mama akachukua kapu lake. "Mwambie nimekasirika. Nawe uje tena dukani, mwanangu, lakini uje jioni."