Mama Miche Anastaafu, Mti wa Lango Bado Haujaota

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkuu wa chumba cha mbegu katika kitalu chetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kwenye faili la wafanyakazi ana jina lake kamili, lakini hapa kitaluni hakuna anayelitumia, na mwenyewe ameomba lisiandikwe katika jarida hili kwa kuwa watu watadhani anayeagwa ni mtu mwingine. Basi tutamwita kama tulivyozoea, Mama Miche.

Wasifu wa namna hii hutakiwa uchangamshe, na mwandishi amejitahidi. Lakini mwaka huu wa mwisho haukuwa wa kuchangamka, na kuuruka ingekuwa uongo. Msimamizi wetu amezisoma sehemu za mwaka huo kabla hazijachapwa, akasema ziachwe kama zilivyo. Mnyweshaji wetu, anayemwagilia miche, naye ameombwa ruhusa, kwa sababu anatajwa. Ameitoa.

Mama Miche aliingia hapa akiwa msichana wa kujaza udongo mifukoni. Siku hizo kitalu kilinunua miche ya mapambo kutoka mbali, ikafika imenyong'onyea, mingine imeshakufa njiani. Yeye, ambaye bado hakuwa mama wa mtu yeyote, akaanza kuokota mbegu chini ya miti ya barabarani kila akirudi nyumbani, na kuziotesha kwenye makopo nyuma ya stoo. Msimamizi wa enzi hizo alipoyakuta makopo aliuliza nani amemruhusu. Akajibu kwamba hakuna aliyemkataza. Mwezi uliofuata akapewa meza, tupa ya kukwaruzia mbegu na kibanda chenye dirisha moja. Kibanda hicho ndicho chumba cha mbegu mpaka leo.

Wageni wengi hudhani kuotesha mti ni kufukia mbegu na kumwagilia. Waliokaa na Mama Miche wanajua kwamba kila mbegu ina ukaidi wake. Ya mjakaranda ni nyepesi kama karatasi, hulazwa juu ya udongo na kubanwa kwa kiganja, ukiifukia umeiua. Ya mvinje huchanganywa na mchanga mkavu, la sivyo itaanguka yote mahali pamoja. Ya mjohoro ina ganda gumu, na hiyo ndiyo aliyoikwaruza kwa tupa, moja moja, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kisha akailoweka kwenye maji ya moto mpaka ivimbe. Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia umelika upande mmoja kwa kazi hiyo. Wapya walipolalamika kwamba mbegu zinachelewa, aliwaambia, "Yeye hana haraka, mwanangu. Mwenye haraka ni wewe."

Chombo chake cha kulowekea kilikuwa chupa ya chai, kwa sababu hutunza joto. Wakongwe bado wanasimulia siku mhasibu alipopita kwenye kibanda akiwa na kiu, akaona chupa na kikombe, akajimiminia bila kuuliza. Alikunywa mafunda mawili kabla hajahisi kitu kigumu ulimini. Kwa wiki nzima wenzake walimpigia hodi ofisini kumuuliza kama ameshatoa mizizi, na mpishi wa kantini alimpelekea mbolea kwenye sahani. Tangu hapo chupa hiyo ilifungwa uzi mwekundu shingoni. Mhasibu mwenyewe alisema chai ile haikuwa mbaya, ilikosa sukari tu.

Kulikuwa pia na suala la mbegu zinazoelea. Mbegu ikitiwa majini ikaelea, mara nyingi ndani ni tupu, na utaratibu unataka itupwe. Mama Miche alizitupa, lakini nyuma ya choo, na alizitupa kwa kuzitawanya vizuri na kuzipiga reki. Huko nyuma ya choo kukawa na kichaka cha miti ya kila aina, na mafundi bomba walikuwa wakinung'unika kwamba wanahitaji dira kuufikia mfereji. Mwaka jana eneo hilo lilimwagwa zege. Tunalitaja kwa sababu litahitajika mbele.

Sasa tufike kwenye mti wa lango.

Wote mlioanza kazi kabla ya mwaka jana mnaukumbuka. Ulikuwa kushoto ukiingia, shina lake jeupe, na ulitoa maua ya rangi ya manjano iliyopauka ambayo yalianguka mazima mazima, hata mlinzi akawa anafagia mara mbili kwa siku na kulaani mara tatu. Mbegu yake ililetwa na marehemu mume wa Mama Miche. Alikuwa fundi mwashi, na kipindi wanachumbiana alifanya kazi kwenye jengo fulani mbali na hapa, akarudi na mbegu moja iliyojificha kwenye pindo la suruali yake ya kazi. Hakuwa ameileta kama zawadi, alikuwa hajui kama anayo. Mama Miche ndiye aliyeiona alipokuwa akimfulia. Hatukupata kuona mti mwingine wa aina hiyo, na katika vitabu vyetu vya mauzo haumo, kwa kuwa hatukuwahi kuuza mche wake. Ulitoa maganda ya mbegu kwa nadra sana, na mengi yalikuwa matupu.

Mwaka jana barabara ilipanuliwa. Lango lilirudishwa ndani, na mti ukawa upande wa barabara. Msimamizi aliandika maombi, yakajibiwa kwa adabu, na mti ukakatwa. Bahati moja tu ilikuwapo: mwaka huo mti ulikuwa umezaa. Mama Miche alipanda ngazi mwenyewe siku moja kabla ya msumeno, mlinzi akimshikia ngazi na kumsihi, "Shuka, Mama, utatuletea msiba." Alipata mbegu za kujaza nusu ya kopo la maziwa. Zilizoelea alizitupa nyuma ya choo kama kawaida yake, kabla zege halijamwagwa.

Hapa ndipo Mama Miche alifanya kitu ambacho kwa miaka yote alikuwa amekikataza. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mbegu ya mti adimu haisiwi ardhini yote kwa mkupuo. Unasia kiasi, unaweka akiba, ikiharibika unaanza tena. Safari hii alizisia zote, kwenye tuta la mwisho kando ya ukuta. Alipoulizwa baadaye alisema mwaka wa kustaafu ulikuwa umekaribia, na alitaka kuondoka akiwa ameuona mche. Hakuweka kibao kwenye tuta. Alikuwa akilitunza mwenyewe, na hakuona sababu ya kujiandikia.

Tuta likakaa kimya, mwezi baada ya mwezi, na yeye hakushtuka, kwani mbegu ile ya kwanza nayo ilichukua zaidi ya mwaka kuota. Kisha mumewe akaugua. Mama Miche aliomba ruhusa ya siku chache, ikawa ya wiki, halafu ikawa ya msiba.

Wakati hayupo, ilikuja oda kubwa ya bogonvilia kwa ajili ya hospitali mpya, ofisi kadhaa na wateja wa majumbani, na udongo uliochekechwa ukapungua. Mnyweshaji wetu ni mtu wa kujituma. Mbegu za mti wa lango ziliposiwa alikuwa likizo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Aliona tuta lisilo na kibao, lisilo na mche hata mmoja, lenye udongo mzuri kuliko wote kitaluni. Akaujaza kwenye vyungu, akapandikiza bogonvilia, na vyungu vikaenda.

Mama Miche aliporudi kutoka msibani alikwenda moja kwa moja ukutani. Tulijua kuna jambo kwa sababu aliomba kiti, yeye ambaye hatukupata kumwona akikalia kingine zaidi ya ndoo. Akauliza udongo umekwenda wapi. Mnyweshaji, akiwa na furaha ya mtu aliyemsaidia mfiwa, akasema, "Nimekupunguzia kazi, Mama. Tuta lilikuwa limelala bure, nikajazia vyungu vya oda." Mama Miche akasema, "Haya." Mnyweshaji alielezwa na wengine, jioni, kwenye bomba. Aliacha mpira ukimwaga maji miguuni mwake mpaka mlinzi akaja kuufunga.

Wa kwanza kukumbuka zilizoelea alikuwa mpishi. Watu walikimbilia nyuma ya choo. Zege lilikuwa limeshakauka, na juu yake pameegeshwa toroli.

Kwa muda mrefu baada ya hapo wawili hao walizungumza habari za maji tu. Mnyweshaji alikuwa akisalimia, "Shikamoo, Mama," naye akiitikia, "Marahaba," na salamu ikaishia hapo. Saa ya chakula Mama Miche alikaa upande wa pili wa kantini. Yule aliyekuwa akitutania wote kwa majina akawa mtu wa kula na kuondoka.

Ofisi ya karani iliagizwa kuwapigia wateja simu. Si rahisi kumwuliza mtu aliyelipia chungu kizuri kama kimeota magugu. Muuguzi mkuu wa hospitali alijibu kwamba kwake kikiota kisichoagizwa kinang'olewa siku hiyohiyo, na akatushukuru kwa kufuatilia ubora. Ofisi moja ilikasirika ikidhani tunawatuhumu kwa uchafu. Mzee mmoja alisema, "Bustani yangu ni safi, karani, njoo ulale chini uone." Kila aliyejisifu kwa usafi alituvunja moyo zaidi.

Kisha akapatikana fundi cherehani mmoja, mwenye chungu mlangoni pa duka lake. "Kalikuwepo kamoja," alisema. "Nimekang'oa juzi. Kalikuwa na majani mawili ya mviringo, na la tatu limechanika kama kitana. Kalikuwa na dharau, kamesimama katikati ya maua yangu kama kamelipa kodi." Mama Miche alikuwa amesimama kando ya simu. Aliomba arudiwe habari ya jani la tatu. Aliporudiwa alitikisa kichwa kukubali, akarudi kibandani, na tupa ikasikika mpaka saa ya kufunga.

Siku hiyo, kabla ya kuondoka, alimfuata mnyweshaji bombani, akamwambia, "Kumbe zilikuwa hai." Hakusema kwa ukali. Mnyweshaji ametuambia tuandike kwamba kwake hiyo ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu mpaka hapo alikuwa akijifariji kwamba pengine alitupa mbegu zilizooza. Alilia mbele yake. Mama Miche alimsubiri amalize, akampa kanga yake ajifute, na kesho yake akahamisha sahani yake kwenda meza ya mnyweshaji. "Sogea, mwanangu," alisema, "umekaa kama umekodi benchi zima." Kantini yote ilicheka kupita kiasi cha utani wenyewe.

Msimamizi aliruhusu wateja wapewe vyungu vipya badala ya vile vya zamani. Wengi hawakutaka usumbufu. Hospitali ilikuwa imeshabadilisha udongo wote. Waliokubali ni wachache, na vyungu vyao vimerudi, cha fundi cherehani kikiwemo. Mpaka jarida hili linakwenda kuchapwa, hakuna hata kimoja kilichoota chochote zaidi ya bogonvilia. Huenda ndani mna mbegu. Huenda hamna.

Kwa hiyo kamati ya kuaga imefuta saa ya ukutani iliyokusudiwa kuwa zawadi. Mama Miche atakabidhiwa vyungu hivyo, na vitapangwa kwenye uwanja wa nyumba yake, chini ya ukuta ambao marehemu aliujenga mwenyewe. Ufunguo wa chumba cha mbegu umewekwa ofisi ya karani hadi atakapopatikana mtu wa kukishika. Bado hajapatikana. Chupa yenye uzi mwekundu ipo mezani, na tunaomba pasiwe na mtu wa kuitoa.

Katika miaka thelathini na minne, Mama Miche ameotesha miti inayotia kivuli shule, vituo vya mabasi, makaburi na nyua ambazo wenyewe hawamjui. Wanaokaa chini yake hawaulizi nani aliikwaruza mbegu. Tunamshukuru kwa niaba yao na yetu. Tunawaomba pia wenzetu wote, pamoja na ndugu na majirani wenye bogonvilia zilizonunuliwa kwetu tangu mwaka jana, kwamba wakiona mche wenye majani mawili ya mviringo na la tatu kama kitana, wauache, na watupigie simu.

Mnyweshaji ameomba awe anapita kwa Mama Miche kila jioni baada ya kazi kumwagilia vyungu. Amekubaliwa kwa sharti moja, alilopewa mbele yetu sote, na akaliitikia kwa kichwa: "Maji tu, mwanangu. Udongo uniachie."

Mama Miche, pumzika salama nyumbani kwako. Afya njema, na macho ya kuona kitakachoota.