Padri Aliyeganda

Jumanne baada ya Pasaka, ndani ya basi la mjini Thesaloniki, Ugiriki, Evanthia alimwona mwanamume aliyekaa kando yake akitazama televisheni kwenye simu. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kugombana naye, kama analipia.

"Nilipie nini, dada? Chaneli za bure zimejaa."

"Basi mimi ndiye mjinga! Nalipa kila mwezi. Mama hawezi kutembea, ibada tunaitazama mtandaoni. Usiku wa Pasaka padri kafungua kinywa aseme 'Kristo amefufuka', akaganda kwenye skrini! Mdomo wazi! Nje fataki zinalia, majirani wanakunywa supu ya kufungua Kwaresima, sisi hata mshumaa hatujawasha."

Mwanamume akacheka. "Wangu hakuganda. Ila alipofika 'Kristo', likaingia tangazo la soseji."

"Heri soseji!" Evanthia alifoka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Mwanamume akautazama mfuko wa maharage miguuni pa Evanthia. "Lakini dada, watu wanamalizia nyama ya kondoo, wewe unanunua maharage?"

Basi likasimama. Evanthia akauinua mfuko wake.

"Ya mama. Bado amefunga. Anasema Kwaresima haijaisha, padri hajamaliza kusema."