Karibu ya Longino

Kahawa ya Mwajuma hunywewa kwenye benchi lililo mbele ya cherehani ya Amissi, mtaa wa Yoba, Gitega, na wanaokaa hapo hawajawahi kukubaliana, hata juu ya kama mvua inanyesha au la. Amissi ni Balozi, kwa sababu aliwahi kwenda Oman akarudi baada ya mwezi. Venansi ni Profesa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Longino wanamwita Karibu, na jina hilo humuuma kidogo. Alikulia Kibondo, upande wa Tanzania, na aliporudi Burundi alifanya kama alivyozoea: alitandika mkeka nje, akala ugali huku akimkaribisha kila mpita njia. Yoba watu hula ndani, mlango umefungwa. Walidhani anauza chakula.

Asubuhi hiyo alikuwa na shida ya kweli. Mkewe Jovina, aliyebaki Kibondo, alikuwa amefika njiani, Muyinga kwa dada yake, na jana alipiga simu kuuliza kama maisha ya Gitega ni mazuri. Kama siyo, anarudi zake Kibondo. Longino alimpenda mno, hakuweza kumdanganya. Aliomba siku moja ya kufikiri, akaja kuomba ushauri kijiweni, maskini.

— Mwambie kuko umeme, alisema Balozi. Kule Oman, mtu akiwa na kivuli na feni, maisha yake imeisha kutengenezwa.

— We ulirudi juu ya nini, sasa? aliuliza Mwajuma.

Balozi alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Profesa alisema feni ni upuuzi. Wazungu, kwa maelezo yake, wanachotafuta ni kimya. Wanalipa ili wasimsikie jirani.

— Donc, kwa hiyo, Yoba ni Ulaya tu. Mi niko na jirani miaka kumi, sijamusikia hata akitafuna. Wahenga walisema, chema chajiuza.

Methali hiyo ilihusu nini hapo, hakuna aliyeuliza. Profesa alipata nguvu, akasimulia juu ya nchi moja ambako serikali humuuliza ng'ombe kwanza kama ana furaha, ndipo imuulize mwenye ng'ombe. Balozi aliapa kwamba ng'ombe huyo alimwona kwa macho yake. Longino alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na hofu. Angemwambia nini Jovina?

Hakumwona Jovina akija. Mkewe alisimama mbele ya benchi na mzigo kichwani, vumbi la safari miguuni.

— Mtu anayeomba siku nzima kujibu swali dogo, alisema, lazima afuatwe.

Longino aliinuka, akaupokea mzigo. Jovina aliwasalimu wote kwa heshima. Kisha akauliza:

— Shemeji zangu, nani kati yenu ameshakula kwa Longino?

Balozi alitazama cherehani yake. Mwajuma alitikisa birika, kana kwamba jibu lilikuwa ndani. Profesa alifungua mdomo, akaufunga, na hilo Yoba haikuwahi kuliona.

Jovina hakuwadai jibu. Alikaa, akafungua kitambaa cha mihogo ya kuchemsha aliyofungiwa Muyinga, akaiweka katikati ya benchi, barabarani kweupe.

— Karibuni, alisema.

Profesa alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanyoosha mkono.