Kona ya Tatu

Basi lilipanda mlima polepole, ukungu ukipapasa vioo, na mwashi aliyekaa kiti cha nyuma alikuwa katika mang'amung'amu ya usingizi. Mbele yake mwokaji mikate alipakata kofia ngumu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe ilifungwa juu ya basi.

"Kupanda naweza, baba," alimwambia tarishi mstaafu aliyeketi naye. "Kuteremka ndiko kunanitoa jasho. Kila Jumamosi naapa kushukia kileleni niteremke nayo, lakini nateremka nikiwa ndani ya basi, baiskeli inapunga upepo huko juu kama bibi harusi."

"Ulianguka?"

"Kona ya tatu. Palikuwa na shimo, nikalikodolea macho nisiingie, nikaingia mzimamzima."

Tarishi akacheka. "Baiskeli hufuata macho. Mimi nimepeleka barua miaka thelathini. Shimo nililisalimu kwa mbali tu, kisha nikatazama ninakokwenda. Na breki bana kabla ya kona, si ndani yake."

"Nisipolitazama, je, likihama?"

"Mashimo hayahami, mwanangu."

Mwashi, aliyewahi kuyaziba, alijua kwamba huzaana, lakini hakuulizwa.

Mwokaji akafumba macho. Kidole chake kikachora kona hewani, ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu kikasita, kisha kikapita taratibu kama maji.

"Hewani hakuna shimo," tarishi akamtania.

Basi likasimama. "Wa kileleni!" utingo akaita.

Tarishi akasogeza magoti ampishe. Mwokaji hakuinuka, ila mwashi alipochungulia aliona kofia haipo tena mapajani. Ilikuwa kichwani, na mkanda umeshafungwa chini ya kidevu.