Magunia Saba ya Maoni

Wasikilizaji wapendwa, Bi Rudia ametutoka. Alifariki Jumanne akiwa na miaka sabini na tisa. Tulimzika jana.

Alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Mapinduzi yalipoangusha serikali, tume ya katiba ilimwajiri akusanye maoni ya wananchi. Akaweka taipureta yake kwenye ukumbi wa shule, foleni ikazunguka jengo. Hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kila mmoja alisomewa maneno yake kabla ya kutia dole gumba. Ukibabaika, anakukazia macho: "Rudia." Jina likamganda.

Kinyozi alitaka polisi wasimkamate mtu bila kumwambia kosa lake. Mjane mmoja alitaka mashemeji wasimtoe mtu kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Bi Rudia aliwaahidi kwa mdomo wake: "Haya yatafika."

Yakajaa magunia saba. Saba! Aliyashona mwenyewe, akayasindikiza hadi ofisi za tume.

Katiba ikatoka baada ya wiki tatu. Wiki tatu tu, jamani. Bi Rudia aliisoma siku mbili akimtafuta yule mjane humo ndani. Hakumwona. Akaenda kwenye tume. Magunia yote saba yalikuwa chini ya ngazi, hayajafunguliwa. Karani akacheka: "Mama, ilishaandikwa kabla hujaanza kuchapa. Maoni yalikuwa ya kuwapoza watu."

Binti yake ametusimulia: "Mama alikaa jikoni, hata viatu hakuvua. Akasema, 'Nimewadanganya watu.'"

Mwaka huohuo mjane alitolewa nyumbani kwake. Alipokutana na Bi Rudia sokoni alimwuliza, "Si ulinisomea mwenyewe mpaka nikatia dole?" Tangu hapo Bi Rudia hakukanyaga tena soko lile. Inaniuma, nasema waziwazi. Wakubwa wa tume walikula pensheni zao kwa raha, aibu akaibeba mpiga chapa.

Mwezi uliopita, baada ya serikali iliyoleta katiba ile nayo kuangushwa, vijana wa tume mpya walimfuata kitandani. "Bibi, watu wanakuamini. Tusaidie kukusanya maoni."

Akawauliza, "Mmeshaiandika?"

Wakatazamana.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "wafungulie mlango watoke."

Yule mjane hakuja mazikoni. Hatumlaumu.

Kwa binti, wajukuu na majirani, poleni sana. Mungu ampumzishe. Jumatatu tume mpya inaanza kupokea maoni, katika ukumbi uleule wa shule. Wapendwa, kabla hujatoa kidole chako, waulize alivyowauliza yeye. Kisha watazame usoni.