Mstari wa Chaki wa Mzee Breki

Baada ya miaka ishirini na minane ya kufunga mashine za usafi ndani ya magari ya kampuni yetu, fundi mkuu wa karakana anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti. Jina lake halisi lipo kwenye karatasi za mshahara, lakini ukiliulizia getini utaambiwa hakuna mtu kama huyo. Mwulizie Mzee Breki, utapelekwa hadi alipo.

Kazi yake huielewi mpaka uendeshe gari lenye mashine ya kuoshea mazulia. Mashine ina kilo mia tatu, tangi la maji likijaa lina mia mbili nyingine, na vyote vimekaa nyuma ya kisogo cha dereva. Gari likisimama ghafla, mzigo ule hauna habari. Wenyewe unataka kuendelea na safari. Kinachouzuia ni bolti nane na bamba la chuma lililowekwa chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Mzee Breki anapatazama. Akimaliza kufunga huchora mstari wa chaki kuzunguka miguu ya mashine, hujaza tangi, kisha hupanda gari mwenyewe na kuzunguka uwanja wa nyuma. Karibu na ukuta wa stoo hukanyaga breki kwa nguvu zote. Miguu ikihama kwenye mstari hata kwa unene wa ukucha, hufungua bolti zote na kuanza upya. Kanuni yake ni moja: aliyefunga ndiye anayejaribu, kwa kisogo chake mwenyewe. Meneja mmoja aliwahi kupanda naye akiwa na kikombe cha chai, akidhani anapewa lifti. Tai yake haikupona, ila mashine haikusogea.

Hata nyumbani hana simile. Mkewe anasema friji lao limefungwa ukutani kwa bolti nne, na huu ni mwaka wa kumi na mmoja hajafagia nyuma yake.

Sasa niseme langu, mimi dereva ninayeandika haya. Zamani nilimwandikia barua ya malalamiko. Alikuwa amenizuilia gari siku mbili kwa sababu miguu ya mashine ilihama kidogo, nami wateja wananipigia simu. Niliandika kwamba anachelewesha kazi kwa makusudi. Aliitwa ofisini, akaonywa, akarudi karakana akaendelea kufungua bolti kama kawaida. Miezi minne baadaye lori lilisimama ghafla mbele yangu kwenye mteremko. Pua ya gari ilikunjika yote. Mimi nilitoka na goti lililochubuka. Mashine ilikuwa pale pale, ndani ya chaki yake. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza kama bamba limepinda, akaenda kulitazama. Ile barua hajaigusia mpaka leo. Watoto wangu watatu wana baba kwa sababu ya mtu niliyemshtaki, na aibu ile bado ninayo.

Basi hofu yetu ilikuwa nani atashika nafasi yake. Kwa miaka mitano amemfundisha Mama Pacha, ambaye zamani alikuwa akiosha mazulia kwa mashine hizo hizo. Kuna siku alimfungulisha bolti zile zile mara tisa, na mwanamama akamwambia wazi kwamba anamchosha. Jumanne iliyopita Mama Pacha alifunga mashine mpya peke yake, kuanzia bamba hadi chaki. Aliposhika ufunguo aende kujaribu, Mzee alinyoosha mkono akauomba.

Tulipigwa na butwaa. Hatukuwahi kumwona akikaa mbele ya mashine iliyofungwa na mtu mwingine. Hakuinama kukagua hata bolti moja. Alizunguka uwanja, akakanyaga breki mpaka matairi yakalia, akashuka, akampa Mama Pacha kipande chake cha chaki, akaenda kunawa mikono. Mlango wa nyuma tuliufungua sisi. Miguu ilikuwa ndani ya mstari.

Mzee wetu, asante kwa visogo vyote ulivyovirudisha nyumbani salama. Pumzika kwa raha na afya tele, na tafadhali, lile friji lifungue, mama apate kufagia.