Herufi Saba za Chaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema asifiwe, na ninyi mlioketi karibu na mlango mwitikie pia!

Wengi mnanifahamu. Mimi ni baba Kulwa wa Chemchem, mwenye ile nyumba ya vigae vyekundu inayoonekana tangu barabarani. Niliondoka Tabora na begi moja na viatu vya kuazima. Nilikaa Botswana miaka kumi na tisa, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifagia karakana, nikajifunza umeme, nikasoma masomo ya jioni mpaka nikapata diploma. Mkija kwangu mtaiona, iko sebuleni kwenye fremu, mkabala na mlango. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeangushwa.

Starehe yangu ilikuwa kusoma. Magazeti, riwaya, hata maandishi ya nyuma ya kopo la dawa ya mbu, sikuacha kitu. Jioni nilicheza bao kwenye baraza la fundi Shomari, mshona nguo jirani yangu. Na hapa kanisani nilikuwa na zamu yangu ya kusoma somo. Mnajua wenyewe kama kuna sauti nyingine iliyofika mpaka kule nyuma bila kipaza sauti.

Jambo lenyewe lilinipata ndani ya treni, nikirudi kutoka Dodoma. Nilikuwa nikiwasomea abiria gazeti kwa sauti, kwa sababu aliyekuwa nalo mwanzo alikuwa akisoma polepole mno. Tulipokaribia Tura kichwa kikanigonga mara moja, kwa ndani. Nikatazama gazeti. Wino upo, karatasi ipo, herufi zipo, lakini hazisemi kitu! Nikadhani wamenibadilishia, wamenipa gazeti la kigeni. Treni ikasimama, nikachungulia dirishani, na kibao cha stesheni nacho hakisomeki.

"Hiki kibao cha Tura wamekibadilisha lini?" nikauliza.

"Ni kile kile, baba," akasema mama mmoja mwenye kikapu.

Nikambishia! Ndugu zangu, nilibishana na yule mama kama mwendawazimu, mpaka mkono wangu wa kulia ukaiachia chupa ya maji bila mimi kuuruhusu. Ndipo akapaza sauti, "Jamani, huyu baba anaumwa, mshikeni!"

Kilikuwa kiharusi. Hospitalini, nilipoanza kupata nafuu, daktari akanipa kalamu akaniambia niandike jina langu. Nikaandika polepole, na diploma nikaitaja. Akasema, "Sasa nisomee ulichoandika." Sikuweza! Mwandiko wangu mwenyewe, wino haujakauka, na mimi nauangalia kama mgeni. Akanieleza kwamba sehemu ya ubongo inayotambua maandishi imeumia, ile ya kuandika imesalimika, na kwamba upande wa kulia siuoni vizuri. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Nimetafuta hitilafu kwenye nyumba za watu miaka yote hiyo, na sijawahi kukutana na hitilafu ya namna hiyo. Hata leo sielewi.

Kila aliyekuja kunitazama aliongea kwa sauti ya chini. Ila fundi Shomari. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na tangu babu zetu walipokutana kwenye misafara ya bara na pwani, sisi ni watani. Mtani hakuonei haya, hata ukiwa kitandani. Aliingia na futi kamba yake shingoni, akaanza kunipima kuanzia kisigino.

"Tulia, Mnyamwezi, nakupima suti ya kuzikwa. Mfupi hivi! Kitambaa kitabaki."

"Nikifa wewe ndiye utakayenibeba," nikamjibu kwa ulimi mzito.

"Nani, mimi? Kazi ya kubeba ni yenu, wapagazi!"

Hilo ndilo tusi lake siku zote, kwa sababu babu zetu ndio waliobeba mizigo ya misafara vichwani. Mke wangu alicheka huku machozi yanamtoka.

Nikarudi nyumbani. Mguu ukapata nguvu, ulimi ukanyooka, na watu wakasema nimepona. Na mimi nikawaacha waseme. Ndugu zangu, hapa ndipo penye aibu yangu! Mwenye diploma atamwambiaje mtu kwamba hajui A wala B? Kila asubuhi niliketi barazani na gazeti, nikichagua ukurasa wenye picha ya mtu ili nijue juu ni wapi. Zamu yangu ya kanisani ilipokaribia, nilimwambia mke wangu Jumamosi mchana, "Hebu nisomee somo la kesho, nisikie kama darasa la saba lako bado lipo." Akanisomea mara tatu. Nikalishika kwa moyo. Jumapili nikasimama hapa, nikafungua kitabu, nikawatolea. Mkanipongeza! Nikarudia mwezi uliofuata.

Mwezi wa tatu mchungaji alibadilisha somo, na mimi sikuwa na habari. Nikasimama, nikatoa habari za mpanzi na mbegu zake, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Kisha mchungaji akahubiri habari za arusi. Na ninyi mkaitikia Amina! Wote! Hakuna aliyeniuliza kitu pale nje. Mlinisalimia kwa heshima, mkaangalia pembeni. Sijui kama niliwashukuru au niliwachukia siku ile. Bado najiuliza.

Kesho yake nikaenda kwa fundi.

"Karibu, mtani," akasema. "Nasikia jana umepanda mbegu arusini."

Wacheza bao wakacheka. Nikasema ni mchungaji aliyechanganya. Fundi akakitandaza kitambaa cheusi cha suruali, akachukua chaki yake ya kukatia, akaandika kwa herufi kubwa. "Soma, mwenye diploma."

Nikakitazama. Nikafikiri, huyu mtani wangu hana neno jingine la kunichokoza. Nikasema kwa sauti ile ile ya kanisani, "Umeandika Diploma!"

Wakacheka tena. Fundi hakucheka.

"Tangu lini, mtani?"

"Tangu Tura," nikasema. Nikalia, mwanamume mzima, mbele ya kete za bao.

Akaushika mkono wangu. "Lete kidole. Mimi umeme ukikatika, alama ya chaki naifuata hivi hivi." Akakipitisha kwenye ile herufi ya kwanza: juu, chini katikati, juu, chini. Ndugu zangu, mkono ulijua! Jicho limekaa tu, lakini mkono ukasema M! Nikafuata ya pili, P. Nikaenda mwenyewe mpaka mwisho, jasho linanitiririka. Herufi saba. MPAGAZI.

Neno la kwanza nililosoma baada ya kiharusi lilikuwa tusi! Na nililisoma kwa furaha, nikalirudia, mpaka wapita njia wakasimama.

Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu ukweli wote. Akaendelea kuchambua mchele. "Nilijua tangu Jumamosi ya kwanza, baba Kulwa. Miaka thelathini hujawahi kuniomba nikusomee hata bahasha. Nilikuwa nakusubiri."

Tangu siku hiyo nasoma kwa kidole, nikifuatisha umbo la kila herufi, kwanza neno moja, kisha mstari. Daktari amesema ni wachache wanaokwenda kwa kasi kama yangu, na mimi nadhani ni ile diploma. Bao nacheza pia. Mashimo ya kulia huwa nayasahau nisipogeuza kichwa, na wengine walikuwa wakiniachia nishinde. Fundi anazila kete zangu bila huruma!

Nimeomba sana Mungu anieleweshe. Niliomba malaika, akaniletea Mwislamu mwenye futi kamba. Niliomba macho, akanipa kidole. Je, niliokolewa kutoka kwenye ugonjwa au kutoka kwenye uongo wangu? Sijui, ndugu zangu. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimefungwa na sasa nimefunguliwa, na namshukuru Yeye aliyenifungua, kwa mkono wowote alioutumia. Na wewe uliyeketi hapo, unajifanya unaweza jambo usiloliweza, mwamini leo! Anza kwa kumwambia mtu mmoja. Hutakufa. Mimi sikufa.

Leo mchungaji amenirudishia zamu. Nitasoma mistari mitatu tu, na itachukua muda. Mtaona kidole kinacheza juu ya kitabu. Msinionee huruma, na tafadhali, msiitikie Amina kabla sijafika. Fundi Shomari ameketi nje, kwenye benchi chini ya dirisha. Amesema anataka kusikia kama mpagazi wake anafika.

Somo linawaita wenye mizigo waje wapumzishwe. Sikulikariri, na mke wangu hakunisomea.

Nyamazeni kidogo. Naanza.